Mgeni Katika Karamu ya Shukrani

Mwezi huu twapenda kuwapasha habari za desturi moja ya Marekani, kwa kuwa ina mafundisho kwa nyumba zetu pia.

Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya Novemba, watu wa nchi ile huadhimisha Siku ya Shukrani. Husimulia karamu ya mavuno iliyofanyika Plymouth mwaka 1621. Baadhi ya Wazungu wale walikuwa wameudhiwa Uingereza kwa ajili ya ibada yao, wakakimbilia Uholanzi, kisha wakavuka bahari mwaka 1620 katika merikebu iitwayo Mayflower. Karibu nusu ya abiria wake walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Waliosalia walifundishwa na wenyeji kupanda mahindi. Hata yalipovunwa, Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, akaja na watu wake wapata 90, wakaleta kulungu 5, wakala pamoja siku tatu.

Basi siku hiyo vikundi vya wanafunzi Wakristo katika vyuo vikuu huwaandalia chakula wenzao walio mbali na kwao, na pengine humwalika mkimbizi aje kunena nao. Miongoni mwa wakimbizi waliopokewa huko wamo watu wa Kongo, ndugu zetu kwa lugha, waliopitia kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma.

Ni desturi njema. Lakini yatupasa kuangalia, mgeni asilipishwe chakula kwa machozi yake. Aliyeona nyumba yake ikiteketea hadaiwi kuisimulia mbele ya sahani. Na aulizwe kwanza apenda kunena nini; akipenda kunyamaza, ale kwa amani.

Tena karamu moja haitoshi. Mwaka 1675 wana wa wale walioketi pamoja waliingia vitani. Mwaka 1676 Metacom, mwana wa Massasoit, akauawa, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani. Shukrani ya baba haikurithiwa na wana.

Bwana wetu mwenyewe alipokuwa mtoto alichukuliwa Misri usiku, akikimbizwa upanga wa Herode. Wahenga nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, sahani zikiisha kuoshwa, ulizaneni: kesho nani atamwonyesha mgeni wetu njia ya sokoni, na nani atamwandikisha mtoto wake shuleni?