Miguu Inayowaka Moto: Maradhi ya Kurithi na Gharama Zake

Mwaka 1939, mwanamke mwenye umri wa miaka 37 alifika katika Hospitali ya Santo António, mjini Porto, nchini Ureno. Alitoka Póvoa de Varzim, mji wa wavuvi ulio kaskazini mwa Porto. Miguu yake ilikuwa imedhoofika na kufa ganzi. Daktari Corino de Andrade, bingwa wa mishipa ya fahamu, alikuja kufahamu kuwa maradhi hayo hayakuwa mageni kwa watu wa mji ule, nao walikuwa na jina lake: ugonjwa wa miguu midogo. Aliwafuatilia wagonjwa na jamaa zao kwa miaka mingi, na mwaka 1952 akachapisha maelezo yake katika jarida la Brain. Leo maradhi hayo huitwa amiloidosisi ya kurithi ya transthairetini.

Namna yanavyoharibu mwili

Transthairetini ni protini inayotengenezwa zaidi na ini. Hubeba homoni ya tezi ya shingo na vitamini A katika damu. Mtu aliyerithi jeni yenye kasoro hutengeneza protini isiyo imara. Protini hiyo huvunjika, vipande vyake hugeuka nyuzi, na nyuzi hizo hujikusanya katika mishipa ya fahamu na moyo.

Kwa kawaida, nyuzi nyembamba za fahamu, zile zinazobeba hisia za maumivu na joto, ndizo huanza kuharibika. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukesha kwa maumivu ya kuungua, hata shuka likimgusa nyayo humuuma, na bado akakanyaga kaa la moto asihisi. Baadaye hufuata kuhara au kufunga choo, kizunguzungu anaposimama, upungufu wa nguvu za kiume, kukonda na udhaifu wa moyo. Asipotibiwa, mgonjwa wa aina iliyoenea Ureno huishi takriban miaka kumi tangu dalili zianze.

Kila mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo, awe wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Nchini Ureno dalili huanza mara nyingi katika umri wa miaka ya thelathini, wakati mtu tayari ana watoto na familia inategemea kipato chake.

Mzigo wa gharama

Gharama huanza kabla ugonjwa haujajulikana. Wapo wanaodhaniwa kuwa na tatizo la uti wa mgongo, wakafanyiwa hata upasuaji usiowasaidia. Dawa za kawaida kama parasetamoli hazitulizi sana maumivu ya fahamu. Amitriptilini hutuliza na bei yake ni nafuu, lakini yaweza kushusha shinikizo la damu mgonjwa anaposimama na kusumbua moyo uliokwisha kuathirika.

Mwaka 1990, nchini Sweden, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa ini jipya ili kuondoa chanzo cha protini mbovu. Tiba hiyo iliokoa wengi, ingawa humlazimu mtu kutumia dawa za kudhibiti kinga maisha yake yote. Mwaka 2011 Ulaya iliidhinisha tafamidisi, kidonge kinachoimarisha protini hiyo. Mwaka 2018 ikaja patisirani, dawa inayozuia ini kuitengeneza. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 450,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kulipa kiasi hicho bila bima au serikali kubeba mzigo.

Hata hivyo, mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 130 kwa miaka miwili. Diflunisali, dawa ya zamani ya maumivu yenye bei ndogo zaidi, ilipunguza kasi ya uharibifu wa fahamu. Dawa hiyo yaweza kudhuru figo na tumbo, hivyo hutumiwa tu chini ya uangalizi wa daktari. Lakini imeonesha kwamba njia ya gharama nafuu inafaa kutafutwa.

Swali lisilo na gharama

Katika Afrika Mashariki, miguu inayowaka moto mara nyingi hutokana na kisukari, Virusi vya UKIMWI, ulevi, upungufu wa vitamini B12 au ukoma. Hayo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, na yana tiba. Yasipopatikana, na mgonjwa akaendelea kudhoofika, daktari aulize: je, mzazi, shangazi, mjomba au ndugu aliwahi kuugua hivi? Mgonjwa naye asisubiri kuulizwa, aseme. Maradhi haya yakigunduliwa mapema, dawa huzuia uharibifu zaidi. Mishipa iliyokwisha kufa hairudishwi kwa urahisi, hata kwa fedha nyingi.