Kitabu Kipi cha Matengenezo Kinaifaa Pikipiki Yako?



Katika mazungumzo yetu na waendesha boda boda, swali moja hurudi mara kwa mara: mtu anayetaka kuitunza pikipiki yake mwenyewe anunue kitabu gani? Yaweza kudhaniwa kuwa hilo ni swali la gereji wala si la polisi. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 humtaka mwenye chombo akiendeshe kikiwa kizima, na breki isiyoshika haiponi kwa kutozwa faini. Tumeona basi tulijibu kwa kirefu.

Vitabu ni vya aina mbili. Kipo kijitabu cha mwenye pikipiki, kile kinachokuja na pikipiki mpya, ambacho wengi hukitupa pamoja na karatasi za plastiki. Humo mmeandikwa kiasi cha oili, upepo wa tairi, ulegevu wa cheni na ratiba ya kuifanyia sevisi. Kisha kipo kitabu cha fundi, kinachoeleza namna ya kufungua injini, kila sehemu iruhusiwe kulika kiasi gani, nati ikazwe kwa nguvu ipi, na nyaya za umeme zinapita wapi. Rai yetu ni kwamba anayeanza atosheke na cha kwanza. Kitabu cha fundi mikononi mwa mtu asiye na spana za kutosha humtia ujasiri wa kufungua asichoweza kukifunga.

Kabla ya kulipa, isome kwanza pikipiki yenyewe. Namba ya chasisi hupigwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na namba ya injini kwenye ubavu wa injini. Zilinganishe na zile za logbuku. Bajaj Boxer BM 100 na BM 150 hufanana kwa mbali kama ndugu wa tumbo moja, lakini vipimo vya moja havitumiki kwa nyingine. Pikipiki nyingi za Kichina zimejengwa kwa mfano wa injini ya Honda CG125, iliyotoka Japani katika miaka ya 1970. Mwenye pikipiki ya namna hiyo akikosa kitabu chake, cha CG125 kitamsaidia kuelewa injini. Asikitegemee kwa nyaya za umeme, kwani rangi zake huenda zikawa nyingine kabisa. Na ikiwa namba hazilingani na logbuku, hapo suala la kitabu limekwisha. Usiinunue pikipiki hiyo. Fika kituoni kwanza.

Kitabu kikishalingana na pikipiki, kifungue kwenye ukurasa wa breki, maana hapo ndipo thamani yake inapojulikana. Pikipiki nyingi za hapa hutumia breki za dramu. Breki ikilegea, desturi ni kukaza ile nati ya kwenye fimbo, na ikilegea tena inakazwa tena. Kila inapokazwa mguu huiona breki imekuwa nzuri, kumbe breki shuu ndani ya dramu zinaendelea kuisha. Kitabu kizuri kitakuonyesha, kwa picha, alama iliyo karibu na mkono wa breki: ukikanyaga mpaka mwisho na kishale kikavuka alama hiyo, shuu zimekwisha, na nati haina msaada tena. Tunaomba kila mwendeshaji aitazame alama hiyo kabla ya kumpakia abiria wa Koboko. Kitabu kisichosema lolote juu ya kulika kwa breki, kirudishe rafuni.

Tazama pia vipimo. Vitabu vingine huandika mkazo wa nati kwa kilogramu-mita, vingine kwa Nyutoni-mita, na 1 ya kwanza ni sawa na takriban 9.8 za pili. Aliyesoma 2 mahali palipohitaji karibu 20 ameiacha nati ya gurudumu ikiwa imelegea. Upepo wa tairi nao waweza kuandikwa kwa bar, ilhali pampu za mitaani husoma PSI. Bar 1 ni PSI 14.5.

Ratiba ya sevisi isomwe kwa akili. Vitabu vingi huongeza, mara nyingi kwa maandishi madogo, kwamba penye vumbi jingi kichujio cha hewa kisafishwe mapema zaidi. Atokaye kwenye lami na kuingia vijijini mwetu wakati wa kiangazi ajue kwamba maandishi hayo madogo yanamhusu yeye.

Kuhusu lugha, vitabu vingi ni vya Kiingereza, na si kila mmoja wetu alikaa shuleni muda wa kukisoma. Chagua chenye picha za sehemu zilizotenganishwa moja moja na kupewa namba. Steji moja yaweza kuchanga na kununua kimoja, kikasomwa kwa sauti na anayejua, huku pikipiki ikiwa mbele ya wote. Nakala za fotokopi ni rahisi, ila chunguza kwanza jedwali la vipimo: nukta iliyofutika hugeuza 0.8 kuwa 8. Faili za simu nazo hufaa, mradi jina la modeli liwe ndani ya kurasa zenyewe na si kwenye jina la faili tu.

Ukishakipata, tumia karatasi tupu za mwishoni kuandika tarehe, kilomita zilizosomwa na kilichobadilishwa. Andika hapo pia namba ya chasisi na ya injini, kisha kiweke kitabu nyumbani, si chini ya kiti. Pikipiki ikiibwa, namba hizo ndizo tutakazokuuliza kwanza.