Daftari Lisiloonekana: Uzamili wa Usalama wa Mtandao Mjini Kigali

Nyarutarama, mtaa wa wilaya ya Gasabo mjini Kigali, unajulikana kwa nyumba zenye kuta ndefu, walinzi wanaokesha malangoni, uwanja wa gofu na ziwa dogo lililo bondeni, lakini unajulikana pia kwa jengo la MTN Centre, ambalo kwa miaka mingi limekuwa makao makuu ya kampuni ya simu ya MTN Rwanda, iliyoanzisha huduma ya fedha ya MoMo nchini humo mwaka 2010. Mtumiaji wa huduma hiyo huona kana kwamba fedha zake zimo ndani ya simu. Kwa kweli simu haina hata faranga moja, kwa kuwa salio ni tarakimu zilizoandikwa katika daftari la kompyuta lililoko mbali naye, na anayeweza kuihadaa kompyuta hiyo, au kumhadaa mwenye salio, ataiba bila kupanda ukuta wala kumwamsha mlinzi. Elimu ya kulinda madaftari ya namna hiyo, yawe ya fedha, ya hospitali au ya vitambulisho vya taifa, ndiyo inayoitwa usalama wa mtandao, na vijana wa Afrika Mashariki wanaotaka kuisomea katika ngazi ya uzamili hawalazimiki tena kuvuka bahari.

Shahada ya kwanza ya kompyuta kwa kawaida humfundisha mwanafunzi kujenga mfumo ukafanya kazi. Shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao humgeuza upande, akaanza kuuliza mfumo huo huo utafanya nini ukiangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya, subira na muda wa kutosha. Walimu wa fani hii hupima kila mfumo kwa mambo matatu: usiri, yaani habari zisisomwe na asiyehusika, usahihi, yaani zisibadilishwe kinyemela, na upatikanaji, yaani mwenye haki azipate anapozihitaji. Hilo la tatu husahauliwa na wengi, ingawa mgonjwa ambaye faili lake halifunguki usiku wa dharura huumia sawasawa na yule ambaye siri yake imevuja.

Chuo kinachotajwa zaidi mjini Kigali katika fani hii ni tawi la Afrika la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, chenye makao yake makuu Pittsburgh, Marekani. Serikali ya Rwanda na chuo hicho walitia saini makubaliano mwaka 2011, masomo yakaanza mwaka uliofuata, na mwaka 2019 tawi hilo likahamia katika kampasi yake mpya ndani ya eneo la Kigali Innovation City, upande wa mashariki wa jiji. Hapo mwanafunzi wa uzamili wa teknolojia ya habari anaweza kujikita katika usalama wa mtandao, na shahada anayopewa ni ile ile ya Pittsburgh. Uhusiano wa chuo hicho na fani hii una chimbuko lake: tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa chuo kingine, Robert Tappan Morris, aliachia katika intaneti changa ya wakati ule programu iliyokuwa ikijinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikakwamisha mashine zinazokadiriwa kufikia 6,000, na muda mfupi baadaye serikali ya Marekani ikaunda huko Pittsburgh, chini ya Carnegie Mellon, kituo cha kwanza cha kuratibu majibu ya dharura za kompyuta. Vituo vya namna hiyo vilivyomo leo katika nchi nyingi, Rwanda na Kenya zikiwamo, ni wajukuu wa kituo hicho.

Katika masomo yenyewe, somo linalowatoa wanafunzi jasho kuliko mengine ni usimbaji, yaani taaluma ya kuugeuza ujumbe kuwa fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake ndiye atakayelifumbua. Hadi miaka ya 1970 ilidhaniwa kuwa watu wawili hawawezi kuandikiana kwa siri bila kwanza kukutana na kukabidhiana ufunguo, mpaka mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha njia ya kukubaliana juu ya ufunguo wa siri hata mbele ya adui anayesikiliza kila neno. Njia hiyo husimama juu ya hesabu ambazo ni rahisi kuzifanya kwenda mbele na ngumu mno kuzirudisha nyuma, na ndiyo maana mwombaji wa shahada hii huhimizwa kuwa na hisabati ya kutosha, jambo ambalo vijana waliovutwa na filamu za wadukuzi hulipokea kwa mshangao kidogo.

Lakini nadharia hiyo ikiteremshwa hadi kwa wakala wa MoMo aliyekaa chini ya mwavuli barabarani, mambo hubadilika. Mwenye simu janja anayefungua programu ya benki huwa na hakika kwamba ujumbe wake umesimbwa ndani ya simu na utafumbuliwa katika seva ya benki, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, bila mtu wa kati kuusoma. Mwenye simu ya kitochi anayebonyeza *182# hana kinga ya namna hiyo, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo husimbwa kati ya simu na mnara tu, kisha huendelea ndani ya mtandao wa kampuni ya simu ukitegemea uaminifu wa kila mtambo na kila mfanyakazi aliye njiani. Hata usimbaji wa kufika mnarani si imara popote pale mtandao wa kizazi cha pili unapotumika, kwani mwaka 2009 mtafiti wa Ujerumani Karsten Nohl alionyesha hadharani kwamba fumbo lake la kawaida linaweza kufumbuliwa kwa vifaa visivyo ghali. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa kumfikiria mtumiaji wa kompyuta ya ofisini, na mwanafunzi anayevikariri bila kumkumbuka mwenye simu ya kitochi atahitimu akijua kulinda kila kitu isipokuwa njia inayopitisha fedha za majirani zake.

Matukio ya kanda yenyewe yanatosha kuwa kitabu cha kiada. Oktoba 2020 nchini Uganda wezi waliziingilia huduma za fedha za simu kupitia kampuni ya tatu iliyokuwa ikiziunganisha benki na kampuni za simu, na fundisho likawa kwamba mnyororo wa uaminifu hukatika kwenye pete ambayo mteja hata hajui kuwa ipo. Julai 2023 ikawa zamu ya Kenya, pale kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoulemea mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen kwa maombi ya uongo mengi kiasi kwamba wenye shida za kweli hawakupata nafasi, sawa na kundi la watu wasionunua kitu kuziba mlango wa duka. Hapakuhitajiwa kuvunja kufuli lolote ili watu wakose huduma za pasi na leseni.

Sheria nayo ni sehemu ya masomo, na Rwanda imetunga nyingi kwa muda mfupi. Mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, sheria ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao ikafuata mwaka 2018, na ile ya kulinda data binafsi na faragha ikatoka Oktoba 2021, ikimtaka mwenye kutunza data za watu aiarifu mamlaka ndani ya saa 48 baada ya kugundua kwamba data hizo zimeingiliwa. Mwanafunzi hujifunza mapema tofauti kati ya mdukuzi na mpimaji wa mifumo, ambayo haiko katika ufundi, kwa kuwa wote wawili hutumia zana zile zile. Iko katika karatasi ya idhini iliyotiwa saini na mwenye mfumo kabla ya kazi kuanza. Asiye na karatasi hiyo ametenda kosa kwa kuingia tu, hata kama hakuchukua kitu. Kwamba mahakama za Rwanda hazifanyi mzaha katika jambo hili ilionekana mwaka 2021, pale Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, waliokamatwa Kigali mwaka 2019 kwa kujaribu kuiibia benki kupitia mfumo wake wa kompyuta, walipohukumiwa kifungo cha miaka 8 kila mmoja.

Linabaki suala la binadamu, ambalo mitaala huligusa kwa haraka na wezi hulishughulikia kwa bidii. Kinyarwanda kina neno abatekamutwe kwa matapeli wa aina hii, na nchini Tanzania kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii. Ujumbe huo hauvunji usimbaji wowote. Unategemea kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekuwa kweli anangoja kuambiwa namba ya kutuma hela. Ni ajabu basi kwamba maonyo mengi ya usalama hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa lugha ngumu isiyomfikia mlengwa, ilhali tapeli huandika Kiswahili au Kinyarwanda cha sokoni kisicho na kasoro. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na mtafiti wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza kwa kukusanya jumbe za matapeli za Kigali, Goma na Mwanza, akachunguza ni maneno gani yanayomfanya muuza mboga abonyeze namba yake ya siri, na ni maneno gani ya onyo yangemfanya asite.