Kifurushi Kimekwama Wapi?

Maji yasipofika Kimara, mafundi hawabomoi nyumba ya mteja. Wanaanzia kwenye mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, na kufuata bomba hadi kwenye tangi na valvu, wakitafuta mahali yalipoishia. Kompyuta ikigoma kusakinisha programu hapohapo Mlandizi, tiba iliyozoeleka ni kufuta diski nzima na kuanza upya. Fundi analipwa, mteja anapoteza picha za harusi, na chanzo cha tatizo hakiulizwi.

Kwenye mifumo ya ukoo wa Debian, ikiwamo Ubuntu ambayo haina ada ya leseni, usakinishaji hufanywa na meneja wa vifurushi. Kifurushi ni faili moja lenye programu yenyewe, orodha ya programu nyingine inazozitegemea, na amri fupi za kuiweka tayari kwa kazi. Ngazi ya chini ni dpkg, iliyoanza 1994. Juu yake ipo APT, iliyokuja 1998 kuwaondolea watu adha ya kusaka vitegemezi kimoja kimoja. APT husoma orodha ya vifurushi iliyohifadhiwa kwenye diski, hupanga vitegemezi, hupakua, hukagua kama kilichopakuliwa ndicho kilichotajwa kwenye orodha, kisha humkabidhi dpkg afungue na kusanidi. Kila hatua ina namna yake ya kulalamika. Ila mstari wa mwisho kwenye skrini, ule ambao watu huupiga picha na kuurusha WhatsApp, husema tu kwamba kazi imeshindikana, jambo ambalo mtumiaji alikuwa ameshaling'amua. Sababu huwa mistari kadhaa juu yake.

Hitilafu nyingi ziko kwenye orodha. Ikiwa ya zamani, inaelekeza kwenye faili ambalo seva imeshaliondoa, na jibu ni 404. Amri ya apt update huleta orodha mpya na mambo huisha hapo. Yasipoisha, pengine toleo lenyewe limestaafu. Ubuntu 23.10 ilitoka Oktoba 2023 na huduma yake ikakoma Julai 2024, kwa sababu matoleo ya kati hupewa miezi 9 tu, kisha vifurushi vyake huhamishiwa kwenye seva ya matoleo ya kale. Toleo la 24.04, la muda mrefu, lina miaka 5. Anayechagua toleo kwa upya wake tu hulipia baadaye.

Kuna kosa jingine ambalo kompyuta kuukuu hulileta mara kwa mara. Mashine imekaa kabatini likizo nzima na betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imekufa. Inapowashwa, inaamini bado ni mwezi wa Novemba. Orodha inayotoka kwenye seva imetiwa saini ya kidijitali yenye tarehe ya Januari, na APT inaikataa kwa hoja isiyopingika: waraka huu bado haujaandikwa. Mtu anaweza kubadilisha seva, laini ya simu, hata fundi, bila nafuu yoyote. Dawa ni kurekebisha saa, kisha kununua betri aina ya CR2032.

Mtandao nao una lugha zake. Jina la seva lisipotambulika kabisa, mara nyingi hakuna intaneti. Muunganisho ukichelewa mno hadi kukatwa, njia ipo ila imezidiwa, kama ilivyokuwa baada ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na Tanzania nzima kuhisi. Ujumbe wa ajabu zaidi ni ule unaodai kuwa orodha si halali na kuuliza kama mtandao unataka kitambulisho. Hapo APT iliomba orodha ya vifurushi ikapewa ukurasa wa kununua bando.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu hudhani kila kitu kimeharibika. Kwa kawaida dpkg anajua alipoishia, kwani huandika hali ya kila kifurushi kwenye faili la /var/lib/dpkg/status: hiki kimefunguliwa, kile kimesanidiwa. Amri ya sudo dpkg --configure -a humrudisha kazini, na sudo apt --fix-broken install huleta vitegemezi vilivyokosekana. Kinachoharibu kweli ni ushauri maarufu wa kufuta faili la kufuli. Kufuli lipo kwa sababu programu nyingine, mara nyingi masasisho yanayojiendesha baada ya kuwasha mashine, inaandika kwenye kumbukumbu zilezile. Kufuta faili hakuisimamishi. Kunaruhusu wawili waandike kwa pamoja. Kusubiri dakika kumi hakuna umaarufu huo.

Kabla ya kufuta diski, fundi makini angesoma /var/log/apt/term.log, ambamo yale yaliyopita kwenye skrini wakati wa kusakinisha yamehifadhiwa. Na kama kizuizi ni bando tu, kompyuta nyingine yenye toleo lilelile na aina ileile ya prosesa inaweza kupakua kwa apt-get install --download-only. Vifurushi hubaki kwenye /var/cache/apt/archives, vikanakiliwa kwenye flashi. Ikumbukwe tu kwamba mashine iliyopakua huruka vitegemezi ambavyo tayari inavyo, hivyo flashi iliyosafiri kutoka Dar es Salaam kwa daladala inaweza kufika Mlandizi ikiwa na upungufu.