Herufi moja inayopunguza makali ya dawa ya malaria Kagera

Mgonjwa wa malaria anayepewa dawa mseto (ALU) Ngara au Biharamulo huambiwa ameze asubuhi na jioni kwa siku tatu. Homa ikishuka siku ya pili, wapo wanaoweka kando vidonge vilivyobaki. Hatari ya kufanya hivyo inaeleweka vizuri ukijua jinsi kimelea cha malaria kinavyotengeneza protini zake.

Kimelea hicho, sawa na seli zetu, huhifadhi maelekezo yake ya urithi kwenye DNA, kwa kemikali nne zinazoandikwa A, T, G na C. Protini inapohitajika, jeni yake hunakiliwa kuwa RNA, ambamo U hushika nafasi ya T. Ribosomu huisoma nakala hiyo herufi tatu tatu. Kila kundi huita asidi amino moja, nazo huungwa mnyororo unaojikunja na kuwa protini yenye kazi maalumu.

Nafasi ya 561

Protini ya kimelea iitwayo K13 ina asidi amino 726. Kwa kawaida jeni yake katika nafasi ya 561 husomeka CGT, na asidi amino inayowekwa ni ajinini. Kwenye vimelea vilivyobadilika, G imekuwa A. Jeni husomeka CAT, na panapotakiwa ajinini huwekwa histidini. Badiliko hilo huitwa R561H.

K13 hukisaidia kimelea kula himoglobini ya damu. Himoglobini inapomeng'enywa hutoa hemu, yenye madini ya chuma, ambayo ndiyo huamsha makali ya dawa za jamii ya artemisinini. K13 ikiwa na kasoro, kimelea kichanga hula kidogo, dawa huamka kidogo, na vimelea huchelewa kufa.

R561H iliripotiwa Rwanda mwaka 2020. Sampuli zilizochukuliwa Kagera mwaka 2021 ziliionesha kwa zaidi ya asilimia 20 Karagwe, lakini chini ya asilimia 2 Ngara.

Dawa bado inaponya

ALU ina dawa mbili. Artemeta, ya jamii ya artemisinini, hupunguza vimelea haraka. Lumefantrini hubaki mwilini siku nyingi ikimalizia vilivyosalia. Artemeta inapolegea, mzigo wa lumefantrini huongezeka, na anayekatisha dozi huinyima nafasi ya kuumaliza. Ndiyo maana dozi zote sita za ratiba, yaani za asubuhi na jioni kwa siku tatu, humezwa hadi mwisho, tena pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa kuwa mafuta huisaidia lumefantrini kuingia kwenye damu.

Homa ikirudi, rudi kituoni. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, ambayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Kwa hiyo omba damu iangaliwe kwa hadubini, maana hiyo huonesha vimelea vyenyewe.