Namba kubwa pekee hazinunui sauti bora ya muziki

MWENYE duka la kuingiza nyimbo kwenye flashi, mkodishaji wa spika za harusini na mweka hazina wa kwaya inayojiandaa kurekodi albamu wana swali moja la kibiashara: ni aina gani ya faili la muziki inayostahili fedha zao?

Soko huwajibu kwa namba. Huyu anauza MP3 ya kilobiti 320, yule anatangaza muziki wa biti 24, na mwingine anaapa kwamba hakuna kinachoishinda santuri ya zamani. Namba zinapopanda, bei ya mitambo nayo hupanda. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kama ongezeko hilo linasikika, maana mteja hulipia kile ambacho masikio yake yanakipata.

Kutoka santuri hadi MP3

Santuri ndefu, ile inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948. Sauti yake huchongwa kama mfereji mwembamba unaofuatwa na sindano. Ni chombo kizuri, lakini vumbi na mikwaruzo husikika, na sindano iliyochakaa huula mfereji wenyewe.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ikaleta kaseti, ambayo mkanda wake hupita kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Kaseti ilirahisisha kunakili muziki na kuufikisha hadi vijijini. Hata hivyo, ilikuja na mvumo wake, na kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine ilizidi kufifia.

CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982 kwa kazi ya pamoja ya Sony na Philips, ilibadili utaratibu. Badala ya kulichora wimbi la sauti, hulipima mara 44,100 kwa sekunde na kukiandika kila kipimo kwa biti 16. Namba hizo hazikuokotwa tu. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya upimaji inataka idadi ya vipimo izidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaohifadhiwa. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini ya mtambo. Santuri na kaseti hazifiki hapo.

Tatizo la CD lilikuwa ukubwa wa faili, kwani dakika moja ya muziki hula megabaiti 10 na nusu. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walitafuta njia ya kutupa zile sehemu za sauti ambazo sikio halizipati kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Matokeo yake ni MP3, jina lililoanza kutumika kwa mafaili hayo mwaka 1995.

Mwaka 2001 ikatoka FLAC, ambayo hubana bila kutupa chochote. Ni mithili ya kukunja magunia matupu: nafasi inapungua, lakini hakuna gunia linalopotea. Kwa kawaida faili la FLAC hubaki na nusu au zaidi kidogo ya ukubwa wa faili la CD.

Hesabu ya flashi

Kwa mfanyabiashara, tofauti hizi huonekana kwanza kwenye nafasi. Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa CD huchukua megabaiti 42. Wimbo huo huo kwa MP3 ya kilobiti 320 huchukua megabaiti 9.6, na kwa kilobiti 128 ni megabaiti 3.8 tu. Ukihifadhiwa kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, hufikia megabaiti 138.

Maana yake ni kwamba flashi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo zaidi ya 2,000 za kilobiti 128, au nyimbo 830 hivi za kilobiti 320, au nyimbo 189 za ubora wa CD, au 57 tu za biti 24. Mteja anayetaka nyimbo za kusikiliza ndani ya daladala lenye kelele hana sababu ya kulipia hizo 57.

Masikio yalipopimwa

Je, anayesikiliza kwenye chumba tulivu na spika nzuri hunufaika na namba kubwa? Suala hilo lilijaribiwa Boston, Marekani, na E. Brad Meyer na David Moran, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 2007 katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti. Walicheza rekodi za hali ya juu, zikiwamo za sahani za SACD zilizoingia sokoni mwaka 1999. Wakati mwingine waliupitisha muziki huo kwenye mtambo ulioushusha hadi kiwango cha CD, bila msikilizaji kuambiwa.

Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, yaani chini kidogo ya nusu. Mtu anayerusha sarafu angepata matokeo kama hayo.

Mwaka 2016, Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary jijini London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500. Alikuta waliopatia ni asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kuwa msingi wa bei kubwa kwa mteja wa kawaida.

Lipo jambo jingine ambalo Meyer na Moran walilitaja. Rekodi nyingi za hali ya juu zilikuwa nzuri kweli, na zilibaki nzuri hata zilipopitishwa kwenye kiwango cha CD. Sababu ni kwamba mafundi walizitengeneza kwa uangalifu zaidi. Uzuri ulitoka kwenye kazi ya fundi, si kwenye ukubwa wa namba.

Mfano wa upande wa pili ni albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica, iliyotoka mwaka 2008. CD yake ilikuwa na biti zile zile 16, lakini sauti ilisukumwa juu mno hadi ikakwaruza. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizo hizo zilikuwa safi zaidi kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, na maelfu yao wakatia saini kudai albamu itengenezwe upya.

Unga haurudi kuwa mahindi

Hapo ndipo penye fedha ya kwaya na ya bendi changa. Ghala zuri huyatunza mahindi yalivyovunwa, lakini haliwezi kuyaondolea ukungu yaliyoingia nao. Faili nalo ni ghala. Maikrofoni ikiwekwa vibaya, chumba kikiwa na mwangwi, au sauti ikipita kikomo cha mtambo, hakuna aina ya faili itakayorekebisha.

Hata hivyo, biti 24 zina kazi yake wakati wa kurekodi. Humpa fundi nafasi ya kuacha pengo la kutosha chini ya kikomo, ili mwimbaji akipaza sauti ghafla isikatike, na anayeimba polepole asimezwe na kelele ya mtambo. Biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde zinatosha kabisa.

Gharama ya kuhifadhi kazi hiyo si kubwa. Njia moja ya maikrofoni kwa kiwango hicho hula megabaiti 8.6 kwa dakika. Kwaya yenye albamu ya dakika 40, iliyorekodiwa kwa njia 16, itahitaji takriban gigabaiti 5.5. Kazi nzima inaingia kwenye flashi ya gigabaiti 8, na nafasi inabaki.

Pamoja na hayo, kikundi kinaweza kuondoka studio na MP3 peke yake. Hiyo ni sawa na mkulima kusaga hata mahindi ya mbegu. MP3 imekwisha kutupa sehemu ya sauti, na ikibadilishwa kuwa WAV au FLAC huongezeka ukubwa tu, kilichotupwa hakirudi. Anayetangaza kwamba ‘anapandisha’ MP3 iwe na ubora wa CD anauza nafasi tupu ya flashi.

Thamani ya kutunza rekodi asilia inaonekana Tanzania. Bendi za dansi, ikiwamo Mlimani Park Orchestra, zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda za sumaku. Kwa kuwa kanda zilitunzwa, baadhi ya nyimbo hizo ziliweza kutolewa kwenye CD na kuuzwa ng'ambo katika miaka ya 1990. Zingebaki kaseti za mitaani pekee, soko hilo lingekuwa gumu kulifikia.

Jaribio la bure

Mfanyabiashara anayeshawishiwa kununua mtambo wa bei kubwa anaweza kujipima mwenyewe. Achukue wimbo mmoja wenye ubora wa CD, atengeneze nakala za MP3 za kilobiti 320 na 128, kisha mtu mwingine amchezee bila kumwambia ni ipi. Sauti zote ziwe na ukubwa ule ule, kwa sababu sikio hudanganyika na kuiona yenye sauti kubwa kuwa ndiyo bora, ujanja ambao wauzaji wengi wanaujua.

Arudie mara 10 kwa kila jozi. Akipatia mara 5, amebahatisha. Akipatia mara 9 au zaidi, tofauti anaisikia kweli, kwani uwezekano wa kufika hapo kwa bahati ni kama asilimia moja. Ikiwa haisikii, fedha hiyo itazaa zaidi kwenye spika, maikrofoni, au mapazia mazito ya kuzuia mwangwi studioni.

Anayekodisha spika za harusini akumbuke pia kwamba Bluetooth nayo kwa kawaida huibana sauti kabla ya kuirusha. Waya wa shilingi chache unaweza kuwa na faida kuliko faili kubwa.

Kwa vikundi vinavyokwenda studio, makubaliano yafanyike kabla ya kulipa kianzio: kazi irekodiwe kwa biti 24, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kukabidhiwa njia zote pamoja na wimbo uliokamilika katika WAV. Mafaili hayo yawekwe kwenye vyombo viwili, kila kimoja kwa mtu wake. MP3 ibaki ya kuuzia.