Tunaopanda Baiskeli, Tushike Kushoto

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuandike juu ya kitu ambacho kila familia hapa Kakuma inakijua: baiskeli. Hatusemi baiskeli ya mashindano. Tunasema ile ya kila siku, inayobeba maji, mgao, mkaa, mtoto wa shule, na saa nyingine mgonjwa.

Tuliwauliza wanafunzi wetu wa darasa la jioni: kwenu baiskeli inaitwaje? Ubao ulijaa. Warundi wakasema ikinga. Wakongo wa Uvira na Bukavu, kinga. Wanyarwanda, igare. Waliopitia Uganda, gaali. Ndugu zetu wa Sudan Kusini, ajala. Wasomali, baaskiil. Kijana mmoja wa Uvira akauliza: "Sasa mwalimu, mkisemaga ajali haina kinga, ni kusema ajali haina baiskeli?" Tulicheka sana. Tukamjibu kwamba kwa Kiswahili cha huku kinga ni kitu cha kukulinda usipate madhara. Methali inasema ajali haina kinga, sawa. Lakini ajali nyingi tunazoziona kwenye njia zetu zilikuwa na kinga, tena ya bure. Hiyo kinga ni adabu.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulijua baiskeli mjini kabla ya kuja hapa. Mzee mmoja Mrundi, jirani yetu, alibeba abiria Bujumbura kwa miaka mingi. Anasema kazi ile ilikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa popote. Abiria akishapanda, unamuuliza kama amekaa vizuri ndipo uondoke. Ukimbeba mama mwenye mtoto, huendi mbio hata akikuambia amechelewa. Ukikutana na mwenzako anapanda mlima na mzigo, wewe unayeshuka ndiwe unampisha, kwa sababu yeye akisimama hataweza kuanza tena. Ukipita msiba, unashuka na kusukuma. Na ukimkuta baba mkwe njiani, hauinui mkono ukiwa juu ya kiti. Unashuka, unasalimia, halafu unaendelea.

Alituambia pia mabaya. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama inapanda mlima mrefu, na vijana waliokuwa wakiteremsha ndizi na mkaa walikuwa wanarudi juu kwa kushika lori nyuma kwa mkono mmoja. "Wengine walifika," anasema mzee, "na wengine nyumbani waliwangoja tu." Mambo yamebadilika kule. Mwezi wa Machi mwaka 2022 serikali ya Burundi ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, na wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo ikabidi watafute maisha pembeni ya mji.

Huku Kenya nako baiskeli ina historia. Neno boda boda ambalo leo tunaita pikipiki lilianza na baiskeli. Miaka ya 1960, kule Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walikuwa wanabeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, yaani "boda" hadi "boda". Pikipiki zilikuja baadaye zikalichukua jina. Kwa hiyo kijana wa baiskeli asidharauliwe njiani. Yeye ndiye mwenye jina.

KULIA KWETU, KUSHOTO HAPA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kongo, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini, Sudan, Ethiopia na Somalia, magari yanapita upande wa kulia. Kenya, Uganda na Tanzania yanapita kushoto. Angalia orodha hiyo vizuri: karibu sisi sote tunaoishi kambini tumetoka nchi za kulia tukaja nchi ya kushoto. Wengine wana miaka kumi hapa na bado mwili haujasahau.

Si ajabu. Hata nchi nzima inaweza kubadilisha upande. Ethiopia ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1964, na Sudan mwaka 1973. Lakini nchi ikibadilisha, watu wote wanabadilika siku moja. Sisi tumefika mmoja mmoja, kila mtu na mazoea yake, na tunakutana kwenye njia moja nyembamba.

Tumechunguza ni saa ngapi watu wanakosea zaidi. Mara nyingi si katikati ya safari. Ni pale mtu anapoanza asubuhi akitoka nyumbani, pale anapokata kona, na pale anapoondoka tena baada ya kusimama kununua kitu au kuongea na rafiki. Akili inakuwa mbali, na mwili unarudi kwenye mazoea ya nyumbani. Hizo saa tatu ndizo za kujiambia kwa sauti: kushoto.

Anayetembea kwa miguu, yeye ni kinyume. Kama hakuna njia ya pembeni, atembee upande wa kulia, ili gari na pikipiki zinazomkaribia azione kwa macho. Kwa kifupi: mwenye baiskeli aende pamoja na magari, mwenye miguu aende akiyatazama.

ILE AJALI YA BOMBANI

Kuna familia mbili katika eneo letu ambazo zilituruhusu tueleze yaliyowapata, bila kutaja majina. Kijana wa miaka 17, familia yake ni ya Burundi, aliazima baiskeli ya mjomba wake kwenda sokoni. Alikuwa anaenda upande wa kulia. Mbele yake, karibu na bomba la maji, mama mmoja wa Sudan Kusini alikuwa anatembea pembeni kulia na jerikeni kichwani, upande wake sahihi kabisa. Pikipiki ikatokea konani, nayo ilikuwa upande wake. Kijana akaikwepa, akatoka nje ya njia, akamgonga mama kutoka nyuma. Mama alianguka na kuvunjika mkono.

Watu walijaa. Wengine walitaka kumpiga kijana. Wengine walikamata baiskeli wakasema haitoki mpaka pesa itoke. Wengine wakaanza kusema "hao watu wa kabila fulani ndio tabia yao", na hapo ndipo ikawa hatari, maana ugomvi wa watu wawili ulikuwa unageuka ugomvi wa jamii mbili. Kijana hakujua Kiarabu, mama hakujua Kirundi, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa kidogo.

Jambo moja liliokoa siku ile. Kijana hakukimbia. Alikaa chini karibu na mama mpaka akapelekwa kituo cha afya, na akaenda naye. Kesho yake viongozi wa bloku na wazee wa pande zote walikaa. Kijana akasema, "Nilikuwa kulia, kama kwetu." Mume wa mama naye akakubali: "Hata kwetu ni kulia. Mimi pia nilikosea nilipofika." Hasira ikapungua. Familia ya kijana haikuwa na pesa, na familia ya mama ilijua. Walichokubaliana ni hiki: mkono wa mama ukiwa kwenye plasta, kijana atateka maji yao kila asubuhi kwa ile ile baiskeli, jerikeni 2 za lita 20. Alifanya hivyo wiki 6, hakukosa siku. Mjomba wake aliridhia kukaa bila baiskeli kila asubuhi, ingawa ndiyo kazi yake.

Leo mama yule mkono umepona, ingawa anasema usiku wa baridi unamuuma. Watoto wa nyumba hizo mbili wanacheza pamoja. Lakini tusidanganyane, haiishi vizuri hivyo kila mara.

ADABU ZETU ZA NJIANI

Baada ya hayo tulikaa na wazee, mafundi baiskeli na vijana, tukaandika haya. Kata ukurasa huu ubandike ukutani.

1. Shika kushoto, hata njia ikiwa tupu na hata kama unaenda hatua 20 tu.

2. Piga kengele mapema, mara mbili, ukiwa bado mbali. Ukiipiga mgongoni mwa mtu utamshtua, naye ataruka upande usioutarajia. Kama huna kengele, sema: "Naomba njia, mama," au "Pole mzee, napita." Mtu akikupisha, mwambie asante.

3. Penye foleni ya maji, siku ya mgao, na shuleni watoto wanapotoka, shuka usukume. Mtoto mdogo haangalii nyuma.

4. Kabla ya kukata kona, angalia nyuma, kisha nyosha mkono upande unaoendea.

5. Mzigo usizidi upana wa mikono yako, na usifunike macho yako. Funga kamba za mpira mara mbili. Mwenye mzigo apishwe na asiye na mzigo.

6. Usishike gari wala pikipiki inayotembea. Tangu barabara ya kutoka Lodwar iwekwe lami, magari yanapita kwa kasi sana. Kuvuka lami, shuka, subiri, vuka kwa miguu.

7. Usiku uwe na taa. Hata tochi ndogo iliyofungwa kwenye usukani inatosha watu wakuone. Nyuma funga kitu chenye kung'aa.

8. Mto Tarach ukianza kuteremka, usijaribu kuvuka na baiskeli, hata maji yakionekana yamefika magotini tu. Mvua inaweza kunyesha mbali sana milimani, hapa jua likiwaka, na maji yakaja kwa ghafla. Baiskeli inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

9. Ukiazima baiskeli, irudishe siku mliyoahidiana, na upepo ndani. Ukipata pancha, ziba wewe. Miiba ya mathenge haichagui mwenye mali.

10. Ukigonga mtu, simama. Usikimbie. Mpeleke kwenye matibabu, kisha mwite kiongozi wa bloku. Na wewe unayetazama, usipige mtu na usiulize kabila. Uliza nani ameumia.

Mafundi wameongeza lao: kabla ya kutoka, bonyeza tairi kwa kidole gumba, finya breki zote mbili, na angalia mnyororo kama umelegea. Ni kazi ya dakika moja. Vumbi la hapa linakula mnyororo, kwa hiyo ufute kwa kitambaa kikavu na uutie oili kidogo. Oili nyingi inashika mchanga.

NA WASICHANA JE?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na wazazi hawakubaliani. Wako wanaosema si heshima msichana kupanda baiskeli. Wako wanaoogopa vijana wa njiani. Hatutaki kumvunjia mzazi yeyote heshima. Tunasema tu tunayoyaona: mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shule anaweza kufika kwa dakika 20 hivi kwa baiskeli, na hafiki amechoka. Msichana huyo anapata muda wa kuteka maji na bado wa kusoma.

Baba mmoja Msomali alituambia kwamba alikataa mwaka mzima. Halafu akakubali kwa masharti yake: binti aende na mwenzake, warudi kabla ya jua kuzama, na avae nguo ya heshima. Tukamwonyesha fundi anayeweka bati la kufunika mnyororo ili dira isikamatwe. Huyo binti sasa anafundisha mdogo wake. Kila nyumba ina masharti yake. Tunaomba tu mzungumze, msikatae kabla ya kusikiliza.

KWA WANAOSAFIRI

Familia ambazo siku moja zitahamia nchi nyingine, jueni kwamba sheria ya njia inabadilika tena. Marekani, Kanada, Norway na Uholanzi ni kulia. Uingereza na Australia ni kushoto. Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu, zina njia zake zenye lami nyekundu, na usiku lazima uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Anayetembea kwenye njia ile anapigiwa kengele kwa hasira, hata kama ni mzee. Msione ni dharau. Ni kwamba mmeingia nyumbani kwa baiskeli. Siku za kwanza tembeeni kwa miguu, angalieni wenyeji wanavyofanya, ndipo mpande.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, tutakuwa uwanjani tukifundisha kushika kushoto, kukata kona na kufunga breki. Tuna baiskeli mbili tu, kwa hiyo mwenye yake aje nayo. Watoto waje na mkubwa wao. Kina mama ambao hawajawahi kupanda, karibuni pia, kuna muda wenu peke yenu bila watazamaji. Fundi mmoja amejitolea kuziba pancha bure siku hiyo, mradi uje na kiraka chako.

Kama kwenu kuna adabu ya njiani ambayo hatukuiandika, tuletee, tutaiweka toleo lijalo. Hadi hapo, twendeni salama, na tushike kushoto.